Oska amelala ubavu na ana vitobo kichwani, nimwongezee samaki hai?

Swali hili la oska, yule samaki mkubwa wa mapambo wa kufugwa tenkini, limetoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mtaalam. Mwezi wa tano huu tangu ninunue oska wawili, walikuwa wadogo kama kidole, sasa wamefika kiganja. Wako kwenye tenki la lita 60 pamoja na goldfishi watatu, walikuwepo na gapi, vile visamaki vidogo vya mapambo, ila wameshaliwa wote. Huwa nawapa samaki hai tu ili wawe wakali. Juzi mmoja kaanza kulala ubavu chini anahema haraka haraka, maji yamekuwa na ukungu, na nikiangalia vizuri naona vitobo vitobo kichwani. Aliyeniuzia anasema ana njaa, nimwongezee samaki hai. Nifanyeje? Na wakishakuwa wakubwa zaidi naweza kwenda kuwaachia mto Ruvu?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Ntaanza na la usiku wa leo maana mengine yote yanaweza kusubiri. Usimpe chakula. Wala samaki hai, wala punje za chakula cha samaki, wala kipande cha nyama, hata akikutolea macho kwenye kioo. Samaki anayehema haraka haraka huku kalala chini hana njaa huyo, anakosa pumzi, na anakosa pumzi kwa sababu maji aliyomo yamejaa taka zake mwenyewe na za wenzake. Oska wa saizi hiyo anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asipate shida yoyote, ila kwenye amonia, ile sumu inayotokana na hizo taka, hana hizo siku.

Toa nusu ya maji, kwa tenki lako ni kama ndoo moja na nusu, halafu rudisha maji yasiyo na klorini yenye joto linalokaribiana na lile la ndani. Kama unatumia maji ya bomba na una simtanki ambalo maji yamekaa siku moja mbili chukua hayo, kama huna basi nunua ile dawa ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki, kichupa kidogo tu, maana kuacha ndoo wazi mpaka kesho usiku wa leo haikusaidii. Kesho rudia tena nusu, keshokutwa tena. Usiyatoe yote kwa mkupuo ukidhani ndo utamwokoa haraka, maji yakibadilika ghafla kila kitu kwa wakati mmoja samaki aliyekwisha choka anaweza kufia hapo hapo. Pampu ya hewa iwake muda wote, na kama huna nyanyua bomba la kutolea maji la filta ili yaanguke kwa juu yapige kelele, hiyo kelele ndo oksijeni inaingia.

Kitu kingine, filta usiiguse. Najua ukiifungua utakuta tope na mkono utawasha uioshe kwa maji ya bomba na sabuni ing'ae. Acha kwanza, ntakueleza kwanini. Goldfishi watoe leo leo, hata beseni kubwa lenye jiwe la hewa linatosha kwa siku chache. Na chumvi, ile ya kawaida ya jikoni, gramu 1 kwa kila lita, kwa hiyo kwako gramu 60, uiyeyushe kwanza pembeni kwenye jagi ndo umimine taratibu taratibu kwa saa moja hivi. Chumvi hiyo haiondoi amonia, watu wanadanganyana sana hapo, kazi yake ni kuzuia naitraiti, sumu nyingine inayotokana na hiyo amonia, isipenye kwenye damu ya samaki kupitia matamvua, na kwenye tenki kama lako nina uhakika naitraiti nayo ipo. Ukitoa maji kesho, kwenye yale unayorudisha weka tena chumvi kwa kipimo hicho hicho, usihesabu tenki zima upya.

Haya, sasa tuongee kilichotokea.

Watu wakisikia samaki anayekula samaki wenzake wanachowaza ni meno na ukali, na maswali karibu yote ninayopata yako hapo, atamla nani, nimlishe nini, nifanyeje awe mkali zaidi. Mimi nikiona oska nawaza mavi. Sio utani. Samaki anayekula nyama anakula protini nyingi, na protini ikishatumika mwilini kinachobaki ni naitrojeni, na samaki anaitoa kama amonia moja kwa moja kupitia matamvua, saa zote, hata akiwa kalala. Wafugaji wa mabwawani wana hesabu yao ya haraka, kwamba kila kilo ya chakula cha samaki inayoliwa inazalisha kama gramu 30 za amonia. Tuseme hao wako wawili wanakula gramu 5 kwa siku, ni kijiko cha chai hivi cha punje. Hiyo ni miligramu 150. Gawanya kwa lita 60 unapata miligramu 2.5 kwa lita, kwa siku moja tu, kesho zinaongezeka nyingine, na hapo goldfishi hatujawaingiza kwenye hesabu na wao kwa uchafu hawajambo kabisa. Chukua gramu 5 zile zile kwenye tenki la lita 500, inakuja 0.3. Samaki wale wale, chakula kile kile, mmoja anahema kwa shida na mwingine anaogelea anakusubiri mlangoni.

Kinachotakiwa kuila hiyo amonia ni bakteria wanaoishi ndani ya filta, kwenye sponji, kwenye changarawe, kila penye sehemu ya kushika. Kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kundi lingine linageuza naitraiti kuwa naitreti ambayo ubaya wake ni mdogo na wewe unaitoa kwa kubadilisha maji kila wiki. Tenki jipya linachukua wiki 4 mpaka 6 mpaka hao bakteria wakae sawa, na idadi yao inafuata sehemu uliyowapa ya kukaa. Kile kifilta cha ndani kilichokuja na tenki la lita 60 kimetengenezwa kwa ajili ya gapi kumi na mbili na kamche ka majani. Na hapo ndo sababu ya kukwambia usiioshe: ukiosha kwa maji ya bomba klorini inawaua, unabaki na sponji nyeupe safi na tenki lisilo na kinga hata kidogo. Sponji inaoshwa kwenye maji uliyoyatoa tenkini, unaikamua mara mbili tatu inatosha, na sio wiki hii.

Alafu kuna la Dar ambalo video nyingi za nje haziwezi kukwambia. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ni sumu kali na nyingine haina madhara makubwa, na kinachoamua ni kiasi gani kiko upande upi ni joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Maji ya pH 7 yenye nyuzi 25, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Maji ya pH 8 yenye nyuzi 28 mpaka 29 inafika asilimia 6 au 7 huko. Sasa wewe uko Tabata, chumba hakina kiyoyozi, na kama unachanganya na maji ya kisima visima vingi vya huku ni maji magumu yenye pH ya juu. Kwa hiyo amonia ile ile ambayo mtu wa nchi ya baridi anaisoma kwenye kipimo anasema "kesho ntabadilisha maji", kwako inauma zaidi ya mara kumi. Na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, vyote vinamwangukia samaki mmoja. Nunua kipimo cha matone, sio vile vijiti vya kuchovya, upime amonia, naitraiti, naitreti na pH. Amonia na naitraiti zinatakiwa zisome sifuri, hakuna "kidogo sio mbaya". Naitreti jitahidi isipite miligramu 40 kwa lita, ikikaa chini ya 20 ndo vizuri zaidi.

Kuhusu ushauri wa kumwongezea samaki hai, simlaumu sana huyo muuzaji, ni imani ya soko zima na gapi wa kulishia ni biashara pia. Lakini oska sio mnyama wa kufukuza na kurarua kama watu wanavyomdhania. Ni wa jamii moja na sato na perege, asili yake ni bonde la Amazon, Brazil na Peru na Colombia huko, na jina lake la kisayansi alipewa na mwanasayansi Louis Agassiz mwaka 1831 kwa ajili ya lile doa kama jicho karibu na mkia. Anachofanya ni kusogea pole pole halafu anafungua mdomo ghafla na kilicho mbele kinafyonzwa na maji. Kule kwao anakula wadudu, kamba, kaa wadogo, samaki wadogo wadogo, hata matunda yanayodondoka mtoni msimu wa mafuriko. Samaki ni sehemu tu ya sahani yake. Gapi wako hawakufa kwa sababu oska ni katili, walikuwa wanaenea mdomoni basi. Chochote kinachoenea mdomoni mwa oska ni chakula, na mdomo wenyewe unakua kila mwezi.

Na ukali hautoki kwenye chakula hai. Samaki anakuwa mkali kwa sababu ya eneo, kwa sababu ya kuzaliana, kwa sababu ya kubanwa. Hao wako ukiwaona wanagongana sasa hivi ni nafasi hiyo, hawana pa kwenda.

Chakula hai kina shida mbili kubwa. Kwanza samaki wa bei rahisi wa kulishia wanakuja na minyoo na vimelea kutoka walikorundikwa, unamletea mgonjwa nyumbani umlishe mzima. Pili, goldfishi na ndugu zake wengi, na pia wengi wa jamii ya sardini ambako ndiko waliko dagaa wa Kigoma, mwilini wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Akila mmoja siku moja hakuna neno, lakini akila hao tu miezi mitano mfululizo, kama ulivyofanya wewe, samaki anaishiwa vitamini huku tumbo limejaa. Nashuku vitobo vya kichwani vina mkono wa hilo.

Msingi wa chakula chake uwe punje. Kama za oska zenyewe ni ghali, na najua ni ghali, tumia punje zinazoelea za kulishia sato au kambale, zile zenye protini asilimia 35 mpaka 45, wafugaji wananunua kwa mifuko na muuzaji anaweza kukupimia kilo moja. Zihifadhi pakavu kwenye kopo lenye mfuniko, mfuko ukiingia unyevu ukaota ukungu tupa. Juu ya hapo ndo unachangamsha: kamba wabichi wa sokoni bila chumvi, funza wa wale nzi weusi wanaofugwa siku hizi kwa ajili ya kuku, nyungunyungu kutoka bustani isiyopigwa dawa, panzi, kumbikumbi msimu wao ukifika, aisee oska na kumbikumbi utacheka mwenyewe. Minofu ya sato mara moja moja. Dagaa wakavu usiwafanye ndo ugali wake, wengi wana mchanga na wengine wametiwa chumvi, ukitaka kumpa loweka kwanza na iwe mara chache. Mende wa ndani hapana kabisa, hujui jirani kapuliza nini. Nyama ya ng'ombe, moyo wa ng'ombe, hivyo vina mafuta ambayo mwili wa samaki hauyawezi, watu wanawapa kwa sababu wanakua haraka halafu ini linaharibika.

Kiasi: anachomaliza ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku kwa hao wadogo, wakifika saizi ya mtu mzima mara moja inatosha, na siku moja kwa wiki usimpe kitu. Atakuomba. Oska anamjua anayemlisha, anakuja juu, anatikisa mwili, anakuangalia kwa jicho moja kwa namna ambayo lazima ujisikie vibaya. Mwache aombe. Hii tabia ndo inafanya watu wampende na ndo hiyo hiyo inawaua wengi wao, maana kila anayepita sebuleni anamtupia punje mbili.

Vitobo sasa. Kabla hujakimbilia dawa mwangalie vizuri kwa tochi. Oska wote wana vitundu vidogo usoni, juu ya macho na karibu na pua, vimepangika sawa kushoto na kulia, hivyo ni milango ya fahamu yake ya kusikia mtikisiko wa maji na sio ugonjwa, nimeona watu wanatibu samaki mzima kwa sababu ya hivyo. Ugonjwa wenyewe vitobo vinapanuka, kingo zinakuwa nyeupe au zimelika, havilingani pande zote mbili, na wakati mwingine ute mweupe unatoka ndani. Wataalam bado wanabishana chanzo hasa ni nini, kuna wanaomtaja kimelea wa tumboni anaitwa Spironucleus, wengine lishe, wengine maji machafu ya muda mrefu, na kwa mtazamo wangu kwa samaki wa nyumbani ni maji na lishe kwanza, kimelea anapanda juu ya mgongo wa hayo. Vikiwa bado vidogo maji safi na chakula sahihi vinavifunga vyenyewe polepole, unasubiri wiki kadhaa, na kovu linaweza kubaki. Vikiwa vimechimbika, au anatoa kinyesi cheupe kama uzi na hataki kula hata baada ya maji kutulia, hapo kuna metronidazo, dawa hiyo hiyo ya vidonge vya tumbo, ila ifanye kazi vizuri inatakiwa iingie ndani ya chakula na kipimo akupe daktari wa mifugo anayejua samaki. Kumwaga vidonge tenkini kwa kubahatisha ni kupoteza hela na unawasumbua bakteria wa filta ambao ndo tunawahitaji.

Kulala ubavu peke yake kusikutishe siku nyingine. Oska ana kususa. Umehamisha jiwe, umebadilisha maji mengi, umemleta nyumba mpya, anajilaza ubavu kama amekufa, baadaye anainuka kama hakuna kilichotokea. Tofauti iko kwenye kuhema. Akilala huku matamvua yanakwenda taratibu, kasusa. Akilala huku yanakwenda mbio, chukua kipimo cha amonia.

Tenki. Hapa nadhani hutapenda jibu. Oska anakua kama sentimita 2.5 kwa mwezi miezi ya mwanzo, mtu mzima anafika sentimita 30 mpaka 35, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 mpaka 15, yaani ukimnunua mtoto wako yuko chekechea samaki bado yupo mtoto akimaliza fomu foo. Oska mmoja anahitaji lita 300 kwenda juu. Wawili mimi nasema tenki la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, lita 540, na ukibanwa sana 120 kwa 60 kwa 60 ambalo ni lita 430 hivi. Kinachohesabika zaidi ni upana wa chini, samaki wa sentimita 35 ndani ya tenki lenye upana wa 40 hawezi hata kugeuka bila kujikunja. Ile habari kwamba samaki anakua kulingana na tenki isahau, anadumaa kwa nje kwa sababu anaishi kwenye sumu, sio kwa sababu kajipima.

Sio lazima ununue la dukani. Fundi mzuri wa vioo na alumini anakutengenezea kwa bei ndogo zaidi, ila msimamie kwenye mambo matatu. Kioo cha milimita 10 kwa lile la 120 likiwa na mikanda ya kioo juu, na milimita 12 kwa lile la 150. Silikoni iwe ile inayonuka kama siki wakati wa kupaka na isiwe na dawa ya kuzuia fangasi, ile ya bafuni ina dawa na inaua samaki. Na meza iwe ya chuma na ichomelewe vizuri, lita 540 ni kilo 540 za maji peke yake, bado vioo na mchanga, hiyo meza ya TV unayoifikiria itakusaliti usiku wa manane. Chini ya kioo weka ubao wa povu gumu (styrofoam), ile nyeupe ya kufungashia friji, ili isiwe na sehemu inayobonyea. Mfuniko ni lazima, oska anaruka. Chini weka mchanga wa kawaida uliooshwa, au mawe makubwa kuliko mdomo wake, changarawe za katikati anazibugia na zinaweza kumkwama. Majani usihangaike nayo, atang'oa yote ndani ya siku moja na atapanga upya nyumba anavyotaka yeye.

Filta iwe inazungusha maji yote ya tenki mara 5 mpaka 10 kwa saa. Ya kopo ya nje ni nzuri lakini bei yake ni ya mtu mwingine, kwa hiyo mafundi wengi wa hapa tunatumia pipa au ndoo kubwa chini ya tenki, maji yanashuka kwa bomba yanapita sponji nene, yanapita mawe mepesi ya volkano yale yenye matundu, pampu inayarudisha juu. Ni rahisi, inasafishika, na inabeba bakteria wengi kuliko filta nyingi za dukani. Kila wiki toa asilimia 30 mpaka 50 ya maji. Ukiona hiyo ni kazi, ni kazi kweli, lita 200 na kitu kila Jumamosi, ndo maana nawaambia watu wapige hesabu ya maji kabla ya hesabu ya samaki. Hita kwa Dar huhitaji, anataka nyuzi 24 mpaka 28 na kwako utapigana zaidi na joto kuliko baridi, ila ndugu zangu wa Arusha, Mbeya na Nairobi mnaihitaji na ifungieni ndani ya kizuizi cha plastiki maana akikasirika anaipiga mkia inavunjika.

Umeme ukikatika, usilishe. Hiyo ya kwanza. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe ndani ya nyumba kama ulivyo na mshumaa. Na umeme ukiwa umekatika saa nyingi, usiiache filta ya kopo ijiwashe yenyewe, mle ndani oksijeni imeisha, bakteria wamekufa na kuoza, na umeme ukirudi lile jimaji linamwagwa lote kwa samaki. Fungua, mwaga, suuza kwa maji ya tenki, ndo uwashe. Samaki wengi wanakufa baada ya umeme kurudi na mwenye tenki anabaki anashangaa.

Kwa kuwa ni wawili, jua pia kwamba hakuna mtu anayeweza kukwambia kwa macho yupi dume yupi jike mpaka watakapotaga. Wakielewana ni raha, wakikataana watakamatana midomo na kusukumana mpaka mmoja anachanika. Weka kipande cha plastiki chenye matundu pembeni cha kugawa tenki, siku ukikihitaji utakihitaji saa hiyo hiyo. Wenzake wengine wawe wakubwa na wagumu, yule anayenyonya kioo akiwa tayari ana sentimita 15 anafaa. Goldfishi hapana, hata wakikua, wao wanataka maji ya baridi zaidi na mwisho wao unaujua.

Na kama ukisoma yote haya ukaona tenki la lita 430 haliwezekani sasa hivi, hakuna aibu, warudishe dukani au mpe mtu mwenye bwawa la mapambo, hoteli nyingi wanapokea. Watu huniuliza basi nifuge nini cha kwetu kinachokula samaki na kinachovumilia, wanataja kambale na kamongo. Hao kweli wanavuta hewa kutoka juu, kwa hiyo maji mabaya hayawaui upesi, lakini kambale atatoka tenkini usiku utamkuta chini ya kochi, na kamongo wa Ziwa Victoria anakaribia mita 2 na anauma kidole kweli kweli. Wakiwa wadogo wanapendeza, hilo nakubali.

Ruvu hapana. Naomba hili usilichukulie kama ushauri tu, ni hapana. Oska anakufa maji yakishuka mpaka kama nyuzi 13, na Ruvu haijawahi kuwa baridi hivyo, maana yake ataishi, na ukiwaachia wawili inawezekana ni dume na jike, na jike mmoja anataga mayai zaidi ya elfu kwa mkupuo na wazazi wote wawili wanayalinda. Kule kusini mwa Florida, Marekani, watu walifanya hivyo hivyo na leo oska wamejaa kwenye mifereji mpaka wavuvi wanawavua kwa ndoana. Na sisi tuna wetu wa kujifunzia, sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 alikuwa katapakaa ziwa zima na furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo waliokuwa aina mamia, wakapukutika, wengine hawajaonekana tena mpaka leo. Sangara angalau kaleta viwanda na hela. Oska wako hataleta hela, atakula vifaranga vya perege wa mto na yai la kila anayetaga. Ukikosa kabisa wa kumpa, na kama hajawahi kupewa dawa, kule Amazon oska ni kitoweo cha kawaida tu, anakaangwa kama perege.

Ukishapata kipimo niandikie namba za amonia, naitraiti na pH, pamoja na maji unayotumia ni ya bomba au kisima, na picha ya kichwa chake kwa karibu ukiwa umemulika kutoka pembeni, sio kwa mbele, vitobo vionekane kina chake. Hapo ntakwambia kama tunaendelea na maji tu au unamtafuta daktari.